Kikaratasi cha Mwisho cha Baba

Juzi bosi katupatia sisi walinzi vocha badala ya bonasi, ya kununulia kwenye duka moja tu. Mwenzangu Mkongo, tunayepanga naye chumba huku ugenini, mtaa wa Bellevue, akaguna, "Eish, hii si pesa." Mimi nikainusa, nikakumbuka vikaratasi vya mama.

Baba yangu alikuwa baharia. Dola alizotuma, benki ilizichukua, ikampa mama vikaratasi vya kununulia vitu kwenye duka moja tu la serikali. Enzi hizo sukari iliadimika mpaka sisimizi wa mtaa wetu walihamia Kenya. Duka lile lilikuwa nayo, mlima mzima!

Mwaka mmoja, mimi bado mdogo, barua za baba zilikatika, na dola pia. Kikabaki kikaratasi kimoja. Njia nzima nikamwimbia mama, "Sukari, sukari," mpaka mbwa wakaujua wimbo.

Dukani mama akasema, "Nipe sabuni ya kunyolea."

Muuzaji akanitazama. "Dada, na huyu mtoto?"

"Huyu hana ndevu. Mwenye ndevu akija atakuta nini?"

Nililia mji mzima ukasikia.

Tangu hapo, kila Jumamosi mama aliweka uani kigoda, beseni la maji moto na sabuni ile. Maji yakipoa na baba hajaja, anamwaga, anapasha mengine. Jumamosi moja nikaenda nikakaa kwenye kile kigoda, nikamwinulia kidevu. Akanipaka povu mpaka masikioni, taratibu.