Kisiki na Nyasi za Fagio

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, tunamwita Kisiki. Jina nilimpa mimi, na majina ninayotoa mimi hayafutiki. Tangu utotoni, akishakaa mahali akasema haondoki, mngekusanyika ukoo mzima na bado mngemwacha palepale, kawakodolea macho. Ubishi kautoa kwa mama yake. Sura nzuri ni ya upande wangu.

Kazi yake ni kufunga fagio. Chumba chake cha mbele hakina kochi. Kina mafungu ya nyasi yaliyoegemea ukuta, kamba kwenye misumari, na kigoda kilicholika upande mmoja. Huchukua fungu, huligonga sakafuni mpaka vichwa vilingane, halafu hulikaza kwa kamba, ncha kaing'ata kwa meno, na bado anapata nafasi ya kukusimanga. Nyasi zake ni za aina moja tu, nyembamba na ngumu, na huota kwenye malisho ya ukoo juu ya mtaa wetu.

Malisho yale zamani yalikuwa kama duka la vitambaa: usipopenda hiki, utapenda kile. Maua ya manjano yanayotambaa, ya buluu madogo kama vifungo, kunde mwitu, na nyasi za kila kimo. Kisha mwaka wa ukame kaka yake Kisiki, ambaye ana ng'ombe, alileta robota za majani makavu kutoka mbali. Ng'ombe wakala, mbegu zikadondoka. Mvua ziliponyesha likaota jani refu, zuri, na sote tukalisifu. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi wa kwetu tukampa shamba.

Maana jani lile liliamka kabla ya wenzake, likanywa maji yote, likawafunika wadogo. Likikomaa huwa gumu kama waya, na mbuzi hulipita kama mtu waliyenuniana naye. Maua yakapotea. Nyasi za fagio zikabaki mashina ya kuhesabika. Kaka mtu akachoma moto. Mgeni akatoka majivuni kanenepa. Ndipo ukoo ukaamua kwamba malisho yamechoka, yapumzishwe, ng'ombe wasikanyage tena. Uzio niliusimamia mimi, na hadi leo sijaona nguzo zilizonyooka kama zile. Ndani yake mgeni akastarehe, hana wa kumgusa.

Kaka mtu akakata tamaa. Akasema ataleta trekta, ageuze udongo wote, apande miti ya mbao. Kwa Kisiki huo ulikuwa mwisho wa kazi yake, kwani nyasi zile alishajaribu kuzipanda nyuma ya jiko zikamfia zote. Akamwomba kaka yake amwachie mvua moja. Kaka akakubali, ila mvua zikiisha asipoziona nyasi hizo zimerudi, trekta inaingia.

Baada ya manyunyu ya kwanza nilipanda huko nikamkuta anaubomoa uzio wangu upande wa juu. Nje amesimama mchungaji wa jirani na ng'ombe wake. Nikamuuliza mpwa wangu kama amepagawa, awaite ng'ombe wamalizie kidogo alichobakiwa nacho.

"Mjomba, shika ncha hiyo ya waya," akasema. "Hebu tazama kijani chote hiki ni cha nani. Zangu bado zimelala. Mgeni ndiye kaamka peke yake, tena laini. Acha aliwe sasa. Zangu zikichomoza, nawatoa ng'ombe."

Nikaishika waya. Ungefanyaje?

Kila asubuhi aliinama kwenye mashina, akiyapekua kwa vidole kama anayetafuta chawa. Siku alipoona ncha za nyasi zake zimetoka, ndogo kama ukucha, akaamuru ng'ombe watoke. Mchungaji akalalamika kwamba bondeni, sehemu ya chini ya malisho, chakula bado tele.

"Jana unanibembeleza, leo unanifukuza?"

"Jana nilikuwa na shida na meno ya ng'ombe wako," akamjibu. "Leo sina."

Bondeni ng'ombe hawakufika vizuri, kwa hiyo aliingia mwenyewe na mundu. Alikata mashuke ya mgeni kabla mbegu hazijakomaa, akayabeba kwa magunia, akayachoma jikoni. Viganja vikachanika; akavifunga vitambaa akaendelea. Mimi nilitoa maelekezo kutoka kivulini, kazi ambayo watu huidharau bure.

Mvua zilipoisha, kaka mtu akaja na dereva wa trekta. Juu, nyasi za fagio zilikuwa zimesimama, na katikati yake vile vifungo vya buluu. Akachuma unyasi mmoja, akauzungusha kidoleni. Haukukatika.

"Juu nimeona," akasema. "Bondeni mgeni yupo vilevile. Bondeni nalima."

"Ukigeuza udongo, kaka, wa kwanza kuota ni huyohuyo, na safari hii hana hata jirani wa kumsumbua. Niachie na bondeni."

"Mvua zijazo utaniomba tena."

"Nitakuomba. Na zinazofuata. Mbegu zake zimo humo ardhini, nami nimo humuhumu."

Dereva akauliza awashe mashine au akatafute chakula. Kaka mtu akaufungua ule unyasi kidoleni.

"Ng'ombe wa jirani hawatoshi bondeni," akasema mwishowe. "Wangu niwalete lini?"

"Nitakuita. Na nikisema toka, unatoka."

Kaka mtu akanigeukia mimi mjomba wake, akitumaini nitamtetea. Nikamwonyesha nguzo ya bondeni ya kuanza kung'oa.