Ute Kwenye Bahari ya Sebuleni

Mume wangu alipostaafu kazi ya bandarini Tanga, alirudi Musoma na sanduku la nguo, godoro moja, na tenki la samaki refu kuliko kitanda chetu. Wanaume wanne walilishusha kutoka kwenye fuso huku majirani wa Bweri wakitazama. Nyuma yake zikashuka ndoo zenye vifuniko, na ndani yake mlikuwa na mawe kutoka baharini, matumbawe, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Alikuwa amesafiri nao njia nzima akiwapulizia hewa kwa kipampu cha betri. Mimi hakuwahi kunisindikiza hata kliniki.

Miaka yote aliyokaa Tanga nilikuwa hapa, nikilea watoto wetu watatu na kufanya kazi ya maabara kwenye zahanati moja Nyasho. Alikuwa anakuja Krismasi. Miaka mingine hakuja. Alipiga simu kusema meli zimekuwa nyingi na likizo zimefutwa. Minong'ono nilikuwa naisikia, sikuifuata. Nilikuwa na watoto wa kusomesha.

Tenki likakaa sebuleni, mahali nilipopapanga kwa meza ya kulia. Chumvi yake haikuwa hii ya kupikia. Ilitoka Nairobi, ikavukia mpakani Sirari, ikafika stendi ndani ya boksi. Aliikoroga kwenye maji ya mvua aliyoyachuja mwenyewe, akapima, kisha akaonja kwa ncha ya ulimi ingawa vipimo alikuwa navyo.

"Ziwa liko hapo chini," nilimwambia. "Wewe unatengeneza maji kwenye ndoo."

"Hawa ziwani wangekufa, mama," akajibu bila kugeuka.

Sikulipenda lile tenki, lakini siwezi kusema lilikuwa baya. Taa ya bluu ilipowaka, matumbawe yalifunguka polepole, mengine ya zambarau, mengine ya kijani kibichi, yakawa yanapunga ndani ya maji kama nyasi za malishoni kwetu Butiama zikipigwa na upepo. Wageni walikuja kwangu kutazama tenki. Chai yangu ilipoa mezani.

Kisha kikaja kiharusi. Alianguka bafuni akinyoa ndevu. Tulihangaika naye hadi Mwanza, na tuliporudi nyumbani upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yamekwisha. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo tuliyekuwa tunamwendea Bunda aliniambia nitafute kitu chochote ambacho mgonjwa anakifuata kwa macho, nianzie hapo. Nikajaribu redio. Nikajaribu picha za wajukuu. Nikajaribu kukaa mimi mwenyewe mbele yake na kumsimulia habari za watu. Alinitazama kama mtu anayesubiri uondoke mlangoni ili aone nje. Nilipokisogeza kiti chake mbele ya tenki, macho yakaanza kutembea.

Basi nikawa mtumishi wa tenki. Nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, nalisha samaki. Nikajifunza kukoroga chumvi, kusafisha pampu, kubadilisha betri ya sola umeme ukikatika. Nilifanya vizuri, au nilidhani hivyo.

Ute ulianza kama vumbi la kahawia juu ya mchanga. Nikafuta. Kesho yake ulikuwa umerudi, umepanda kwenye mawe. Baada ya muda ukawa unaning'inia kama makamasi, na kila uzi una mapovu ya hewa kwenye ncha. Ukizima taa unapungua, unaamka asubuhi ukidhani tenki limepona. Ikifika mchana umefunika kila kitu. Konokono waliokuwa wanapanda kioo wakaanza kudondoka mmoja mmoja, chali, wamelegea. Matumbawe yakajifunga, hayakufunguka tena. Wale samaki wawili wakajibana kwenye kona nyuma ya bomba, na mume wangu akawa anatazama tenki ambalo halikuwa na kitu cha kufuata. Akaanza kulala kitini mchana kutwa.

Nilisafisha. Nilisugua mawe kwa mswaki, nikavuta uchafu kwa mpira wa maji, nikabadilisha maji mengi kuliko hata yeye alivyokuwa anabadilisha akiwa mzima. Nikaweka dawa ya kunyonya uchafu kwenye chujio. Kadiri nilivyosafisha, ute uliongezeka. Mikono ikanichanika kwa chumvi.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuja kutoka Kiriba, kijijini kwao, na dagaa na mihogo, akakunja pua mlangoni.

"Wifi, hii kitu inanukaga," akasema. "Kaka yangu anakaaga na harufu hii? Mwaga."

"Nikimwaga atatazama nini?"

"Atazame watu."

Siku iliyofuata nilichukua ute kidogo kwenye chupa ya sampuli, nikaenda nao kazini, na wagonjwa walipokwisha nikauweka chini ya hadubini. Maisha yangu yote nimetazama malaria na minyoo kwenye vioo vile. Hawa sikuwa nimewahi kuwaona. Walikuwa kama mbegu za tikiti, rangi ya kahawia, mamia, kila mmoja anazunguka mahali pake kama pia ya watoto. Hawakuwa mwani ninaoujua. Nikatafuta kwenye simu, nikapata jina lao, dinoflajeleti, vijidudu vya majini, na chini ya jina hilo watu wa nchi za mbali wakibishana. Mmoja anasema tumia dawa hii, mwingine anasema dawa hiyo iliua kila kitu.

Hapo nikakumbuka simu ya mume wangu. Ilikuwa kabatini tangu augue. Nikaichaji, nikapekua majina, nikaona moja limeandikwa Fundi Tenki. Nikapiga. Ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

"Baba!" sauti ya mwanamke ikasema, Kiswahili cha pwani kabisa. "Alhamdulillahi. Kimya chote hiki, mume wangu, nimekukosea nini?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mwenyewe hawezi kuongea," nikasema. "Amepata kiharusi. Mimi ni mke wake."

Upande wa pili nikasikia kitu kama kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini. Halafu:

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikaitikia. Ningeweza kumtukana. Ulimi ulifanya ulichozoea.

Alilia, nikamwacha alie. Mimi sikuwa na machozi, nilikuwa na ndoo inanisubiri. Alipotulia nikamwambia, "Nimepiga kwa sababu ya tenki."

"Limefanyaje?"

Nikamweleza. Akaacha kuvuta kamasi, akaanza kuuliza kama daktari. "Mapovu yanajaa mchana? Ukizima taa unapungua? Konokono wanakufa?"

"Ndiyo. Yote."

"Hizo ni dino, dada. Zilitupata na sisi hapa. Maji unabadilisha?"

"Kila mara."

"Na kusugua unasugua?"

"Kila siku."

"Acha. Acha kabisa. Umelisafisha mno. Maji yakikosa chakula, wale wadudu wazuri na mwani wa kawaida wanakufa njaa, dino wanabaki na uwanja wote wao. Ondoa hiyo dawa ya kwenye chujio. Zidisha chakula cha samaki, maji yachafuke kidogo. Na lifunike, siku tatu, mwanga usiingie hata chembe. Ute utakaobaki uvute kwa mpira, uchuje kwa kitambaa kizito, maji hayo hayo uyarudishe."

Nikayashika yote. Nilipotaka kukata akasema, "Yale ya kijani pembeni bado yako hai? Hayo alininunulia nilipojifungua."

"Sijayaangalia," nikasema, nikakata. Alimzaa nani, lini, sikuuliza.

Nikafunika tenki kwa mablanketi na turubai, nikafunga kwa kamba. Mume wangu nilimsogeza dirishani, lakini alikuwa anageuza shingo upande mzima kutafuta pale pale, na machozi yakawa yanamtoka jicho moja. Nilimweleza. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia ni dawa, si kwamba nimemnyang'anya. Sijui alielewa nini.

Siku ya pili wifi akarudi, mimi nikiwa kazini. Nilipofika nilikuta mablanketi yako chini, taa inawaka, na kaka yake amerudishwa mbele ya kioo chenye ute.

"Unamwadhibu mgonjwa?" akanifokea. "Umemfunikia kitu chake anachokipendaga, analia peke yake kama mtoto!"

"Wewe si ndiye ulisema nimwage?"

"Mimi nilisema umwage, sikusema umtese. Yule wa Tanga asingemfanyia hivi."

Mkono ukaenda mdomoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Unamjua," nikasema.

"Wifi..."

"Ulifika kwake?"

Alitazama sakafu. "Tulifika. Mimi na mama, mama akiwa hai. Wakati wa mtoto."

Mama mkwe wangu nilimwogesha mwaka mzima wa ugonjwa wake, kwa mikono hii. Alikuwa ananibariki kila asubuhi. Kiriba nzima ilikuwa inajua, na mimi nilikuwa naenda kule kwenye misiba na harusi nikiwa nimefunga kitenge cha mke wa mtoto wa kwanza, wakinipisha kiti cha mbele.

Sikumfukuza. Nilimwambia anishikie ncha ya blanketi. Tukafunika tenki pamoja, nikaanza kuhesabu siku tatu upya.

Ukweli ni kwamba yule mwanamke alikuwa sahihi kwa kila kitu. Tulipofunua, ute ulikuwa umekatika vipande. Nilivuta, nikachuja, nikarudisha maji. Nikalisha samaki kupita kiasi, nikaacha kioo kikawa na ukungu. Mwani wa kijani ukaanza kuota kwenye mawe, ule wa kawaida ambao zamani ningeusugua mara moja. Kahawia ikarudi, ikapungua, ikarudi tena kidogo, mwisho ikachoka. Kwenye hadubini nikawa napata mmoja mmoja, halafu sikuwapata. Matumbawe mengi yalikuwa yameshakufa, yamebaki mifupa myeupe. Ya kijani pembeni yalikuwa mazima.

Nilimpigia kumshukuru kwa sababu nililelewa hivyo. Akaniomba kitu kimoja tu, aone. Nikageuza simu kwenye video, nikamwonyesha tenki. Wale samaki walikuwa wametoka kwenye kona yao.

"Mashaallah," akasema. "Wazima hao!"

Nyuma yangu kiti kililia. Nikageuka. Mume wangu alikuwa ameinua kichwa. Hakuwa anatazama samaki, alikuwa anatazama mkono wangu, mahali sauti ilipotokea. Mdomo wake ulikuwa unahangaika, mate yanamtoka, na mkono wa kushoto umeinuka kutoka pajani. Miezi yote ile hakuwahi kuninyooshea mkono.

Nikampa simu. Ningefanya nini? Niliishikilia karibu na uso wake mpaka mkono wangu ukafa ganzi, na mwanamke wa watu alikuwa anamwita taratibu, anamuuliza kama anakula, kama anaoga, mambo ambayo mimi ndiye ningeweza kuyajibu.

Mtaalamu wa Bunda alimpima safari iliyofuata, akashangaa. Sasa anatoa neno moja, halijanyooka lakini linasikika. Ni jina. Si langu, wala si la mtoto yeyote niliyemzaa.

"Mama, chochote unachofanya nyumbani, usiache," yule mtaalamu akaniambia, akitabasamu.

Sijaacha. Kila Jumapili tukitoka kanisani napiga namba ya Tanga, naweka simu kwenye mkono wa kiti, sauti juu, naenda uani na ungo wangu wa mchele. Nachambua mawe taratibu, sina haraka. Wakati mwingine nasikia anacheka mle ndani, kicheko kizito cha upande mmoja, na najua bado hawajamaliza.