Redio Isiyo na Mdomo

Mliokaa nyuma sogeeni kidogo, habari hii haitaki kelele. Mama Annuarite mnamjua, fundi cherehani wa njia ya sokoni hapa kambini Dzaleka, yule anayekupima kiuno kwa macho. Lakini kwao Fizi, Kongo, hakuwa fundi. Alikuwa mama wa foni. Foni ni ile redio kubwa ya misheni, ya kuongea na misheni za mbali, na kila Jumamosi asubuhi yeye ndiye aliyekaa mbele yake akiita majina ya watu waliopotezana na ndugu zao. Anataja jina, anasema "à vous," yaani zamu yako, anaachia kitufe, anasikiliza. Kukiwa kimya anasema, "Hakuna jibu," anaenda kwa jina linalofuata.

Na kule mtu akiitwa toka mvua zianze mpaka ziishe, asijibu, ndugu zake wanaweka matanga. Maiti hakuna, lakini wanalia, wanapika, na shamba lake linagawanywa.

Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha Moïse, kijana wa kwao, alipofika kambini, ametoka Fizi.

"Mama, kumbe weye uko muzima? Banakuita ku foni. Dada yako Vénérande anashuka ku misheni kila posho." Posho ndiyo Jumamosi ya kwetu.

Annuarite akaacha suruali ya mtu chini ya sindano. Simu kule juu hazishiki, minara ilichomwa. Ujumbe aliompa mchuuzi wa Uvira uliishia Uvira, njia ya mlimani imefungwa tangu Moïse apite. Ilibaki foni. Namba ya kuipata misheni hewani hakuwa ameisahau. Alichokuwa hajui ni kuchagua redio. Ile ya zamani aliikuta mezani, padri ndiye aliyeinunua.

Wakapanda kabaza, zile baiskeli za abiria, yeye na Moïse, kisha minibasi, mpaka Area 18, Lilongwe, kwa Bambo, yaani Bwana, Chimwala. Mzee huyu huongea kwa redio na wapenda redio wenzake wa dunia nzima, kwa raha tu, na vyombo vyake vya zamani huviuza. Kiswahili alikiokota Mbeya, kazini. Akawawekea vyombo mezani.

Moïse akadaka viwili vidogo vya mkononi. "Hizi njo zenyewe, mama. Ziko na taa."

"Hizo zinafika kilima kile," Bambo Chimwala akasema. "Ukipita kilima, unaongea na mfuko wako."

Kando kulikuwa na sanduku pana, la kusikia na kusema. Kwa waya mrefu na betri ya gari, linafika Kongo. Annuarite akashika kipaza sauti chake, na kidole gumba kikakaa chenyewe juu ya kitufe.

"Nakamata hii."

"Leseni yako, mama?"

Akatoa kadi ya ukimbizi. Mzee akaisoma, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Sijaona mtu akipewa leseni kwa kadi hii. Na bila leseni, ukisikika unaongea na Kongo toka kambini, polisi watasema unaongea na wenye bunduki. Watakubeba, na mimi niliyekuuzia."

"Basi unijibie we, bambo. Mara moja tu. Useme Annuarite iko muzima."

"Leseni yangu ni ya kuongea na wapenda redio. Misheni hawamo. Nikiipoteza hii, mama, nimebaki na nini? Pole."

Mtu mbaya hakuwa. Chai aliwapa, na mkate. Kisha akasogeza redio ya mwisho, ndogo, haina kipaza sauti. "Hii haiombi leseni. Inasikia tu."

Akaichukua hiyo.

"Umeuza mashine ya kudarizi juu ya sikio bila mudomo," Moïse akamwambia kwenye minibasi, walipofika Lumbadzi.

"Nyamaza, mutoto. Nitasikia sauti yake."

Jumamosi iliyofuata waya ulipita juu ya kamba ya nguo waliyoazima, toka paa mpaka kwa jirani. Redio ikakoroma, ikapiga miluzi, kisha sauti ya mwanamume ikatokea ndani ya mkoromo ule:

"Annuarite, binti ya Eliezer. Annuarite. À vous."

Kidole chake kikatafuta kitufe ubavuni mwa redio. Hakuna. Akaiinamia.

"Niko hapa," akasema. "Niko hapa, Malawi. À vous."

Kimya, kile alichokuwa akikisikiliza yeye mwenyewe zamani kwa ajili ya wengine.

"Hakuna jibu," yule mwanamume akasema.

Halafu Vénérande, sauti imezeeka: "Basi, imetosha. Mvua imeisha. Muambie ba Uvira, matanga ni posho ile ingine. Shamba itakuwa ya batoto ya ndugu yetu Josué."

"Josué!" Annuarite akamgeukia Moïse. "Ule mulevi. Hajui hata kulima muhogo."

Moïse hakucheka. Akasema watatafuta mtu mwingine wa kupeleka ujumbe. Watu wawili waliahidi kuupeleka, wakafika Uvira wakakwama.

Siku ya matanga yake Annuarite alishona sare za kwaya tangu asubuhi. Mama mmoja wa kanisa, asijue aseme nini, alimletea nsima, ule ugali wa huku, na maharage, wakala.

Jumamosi iliyofuata aliwasha redio, akasikiliza majina mpaka la mwisho. Lake halikuitwa. Akazima, akauteremsha waya, akamrudishia jirani kamba yake ya nguo.