Dereva Asiyeuliza

Kwa miaka thelathini na moja Eliakimu aliendesha gari la wagonjwa la hospitali ya misheni, na miaka yote hiyo hakugeuka nyuma hata mara moja kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Muuguzi akisema ongeza mwendo, aliongeza. Akisema basi, haraka ya nini tena, alipunguza, akaendelea na njia yake kimya. Kazini tabia hiyo ilimfaa. Nyumbani Newala mkewe Regina alikuwa akiwaambia majirani kwamba mume wake, hata paa likishika moto, atakaa kitini mpaka aambiwe.

Alipostaafu, gari lilelile lilikuwa linauzwa, Land Cruiser refu lililochoka bodi lakini injini bado inanguruma vizuri, akalinunua. Watu walimcheka sana. Yeye akatoa machela, akatengeneza kitanda cha mbao za mninga, akafunga jiko dogo la gesi na pipa la maji la lita sitini, kisha akaupaka ule msalaba mwekundu rangi ya kijani. Rangi haikuwa nzito. Jua likiwaka, msalaba ulionekana chini yake, na popote waliposimama palitokea mtu anaumwa.

Gari hilo ndilo lililowafikisha Msumbiji mwezi wa saba mwaka 2016, kijijini kwa kaka yake Regina, pwani, karibu na mahali mto Lurio unapoingia baharini. Regina alizaliwa huko. Vita vya ukombozi vilimtoa akiwa mgongoni kwa mama yake, wakavuka Ruvuma, wakaishia Newala, na huko ndiko Eliakimu, Myao wa Lulindi, alikomkuta akamwoa. Kwa desturi ya watu wetu mwanamume ndiye anayehama. Basi Eliakimu alifunga nguo zake kwenye shuka moja, akapanda baiskeli, akahamia kwa wakwe. Mwaka huo wa safari ulitimia wa thelathini na nne tangu ahamie.

Walikuwa wameitwa. Nikolao, kaka mtu, alituma habari kwamba mama yao mdogo amefariki, na huyo ndiye aliyekuwa apwiamwene, yaani mama mkuu wa ukoo, mwanamke ambaye bila yeye hakuna shamba linalogawanywa wala ugomvi unaokwisha. Siku ya nne baada ya kufika, wazee walimketisha Regina uani tangu saa nane mchana mpaka alasiri. Walizungumza Kimakua kitupu, na Eliakimu Kimakua chake ni cha kusalimia na kushukuru chakula. Akaenda kukagua mafuta ya breki ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Mfanyabiashara mmoja wa samaki, Ashiru, aliyewahi kuishi Mtwara, ndiye aliyemfuata na kumweleza kwa Kiswahili.

"Wanataka mkeo akae, mzee. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba ile sasa. Nafasi ni yake, hawezi kupewa mwingine."

"Na yeye amesemaje?"

"Hilo mimi sikulisikia. Muulize mwenyewe."

Regina alitoka uani macho mekundu, akasema waondoke kesho yake asubuhi. Zaidi ya hapo hakusema neno, na Eliakimu, tunavyomjua, hakuuliza.

Asubuhi Nikolao hakuja kuwasindikiza. Alisimama mlangoni kwake, mikono nyuma, akatikisa kichwa kidogo, akaingia ndani. Eliakimu aliliona hilo, na moyo wake ukamwambia maana yake: mtu haagwi kwa heshima zote ikiwa atarudi baada ya wiki mbili. Regina anakwenda Newala kufunga mizigo. Mawazo hayo yalimkaa kifuani kama ugali usioiva, na ndivyo alivyowasha gari.

Njia ya kuelekea Pemba, mji wa Msumbiji na si kisiwa chetu, iliambaa na ufuko, mchanga mtupu, minazi upande huu na maji upande ule. Gari lilikwenda gia ya pili muda mwingi. Walisimama mapema jua likiwa bado juu, wakafungua mlango wa nyuma, Regina akabandika wali. Hata hawajala, mwanamke mmoja alikuja mbio amebeba mtoto anayeharisha. Alikuwa ameuona msalaba.

Regina hakuwa muuguzi, lakini kuishi na dereva wa hospitali kunafundisha. Alichemsha maji, akachanganya sukari na chumvi, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko huku akimhoji mama yake. Wakaulizana nihimo, yaani ukoo, kama wafanyavyo Wamakua wakikutana, na kumbe walikuwa ndugu wa mbali. Baada ya hapo wakaja wanawake wengine watano, wakakaa mchangani. Mtoto alikojoa vizuri, kila mtu akafurahi. Regina alicheka kwa sauti ambayo Eliakimu hakuwa ameisikia siku nyingi, akisimulia hadithi ndefu kwa lugha ya mama yake, mikono yake nayo ikisimulia. Eliakimu alikaa kwenye bampa akimtazama. Alimpenda sana saa ile, na aliona wivu, wivu wa kweli, kwa watu sita asiowajua hata majina.

Wakati wa kuosha vyombo wale wanawake walimcheka. Regina aliosha sahani kwa mchanga na maji ya bahari, kisha akazisuuza zote kwa nusu kikombe cha maji ya pipa, na maji yale machafu akayaweka kwenye kopo la kunawia miguu. Mtu wa Newala ndivyo alivyo. Amekulia juu ya uwanda usio na kisima, ameteremka bondeni na ndoo tangu utotoni, na hata akiwekwa katikati ya ziwa atakinga matone.

"Wanasema kisima chao kiko hatua hamsini," alimwambia mumewe, akikausha sahani. "Hamsini tu, Baba Queen. Maji baridi."

"Ni jambo zuri," alisema Eliakimu. Usiku huo usingizi ulimpa tabu.

Pemba walipita siku ya pili. Regina alinunua kitenge kimoja na pweza mkavu kwa ajili ya binti yao Queen, anayefundisha shule Masasi. Wakiwa sokoni, akigeuzageuza pweza, aliuliza bila kuinua macho kama gari lile lingeweza kubeba kabati la vyombo.

"Kitanda kikitolewa, linaenea," alijibu Eliakimu.

"Na vitanda viwili vya chuma?"

"Hivyo ni juu, kwenye keria."

Alijibu kama fundi, kwa utulivu. Lakini akilini alikuwa ameshaiona nyumba yao haina kabati wala vitanda, naye mwenyewe amesimama katikati ya sebule. Na ile nyumba hata si yake. Kiwanja ni cha marehemu mama mkwe, mikorosho ni ya ukoo wa mke, ingawa sitini na mbili kati ya hiyo aliipanda kwa mikono yake. Mke akiondoka, mume anabaki pale kwa nani? Alimlaani Nikolao kimoyomoyo, kisha akaomba msamaha, maana yeye ni mzee wa kanisa.

Kutoka Pemba waliiacha bahari, wakapanda bara hadi Mueda, wakashuka tena kwa vumbi hadi Ruvuma. Darajani Mtambaswala afisa uhamiaji alizitazama hati zao, akawaamkia shikamoo kwa mpigo, akawapitisha. Regina alitazama mto mpaka ulipopotea machoni. Hapo Eliakimu alifungua mdomo amuulize. Akaufunga, akasema tu kwamba klachi inaanza kulegea.

Masasi walimkuta Queen kazini, wakamwachia pweza wake, wakanywa chai, wakashika barabara ya Newala. Mikorosho ilikuwa imechanua, na huku na huku watu wa kijiji cha Chiungutwa walikuwa mashambani wakipuliza dawa ya salfa. Zilibaki kama saa mbili kufika nyumbani walipofika penye njia ya Lulindi. Regina aliweka mkono kwenye usukani.

"Kata kulia."

"Huku ni Lulindi."

"Najua. Kata, tukaone kiwanja cha baba yako kama bado kina mipaka."

Eliakimu alisimamisha gari pembeni. Akazima injini, na swali likatoka lenyewe, tena kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Regina, kaka yako ulimjibu nini?"

Alimtazama, akashangaa. "Sikukwambia? Ulikuwa hutaki kujua, nikadhani umekasirika. Nilikataa. Nikawaambia mume wangu aliacha kwao akanifuata, akanizikia mama yangu, hajawahi kunilalamikia. Kama ni kuhama, safari hii nahama mimi, namfuata yeye kwao. Nikolao akasema nimeutupa ukoo, hataki kuniona." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo kata kulia, kabla sijajuta."

Eliakimu aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mabega yalimtikisika, na Regina akamwacha, akidhani ni furaha. Kwa sehemu ilikuwa furaha.

"Mama Queen," alisema mwishowe, "mimi sitaki Lulindi."

"Hutaki?"

"Nikafanye nini? Waliokuwa wakinijua wamekwisha. Newala hata mbwa wa jirani yetu Mzee Fakihi ananijua kwa vishindo vya miguu. Mikorosho yangu iko kule. Nilidhani unakwenda kuniacha, siku zote nne. Sikulala."

Regina aligeukia dirishani. Bodaboda mbili zilipita, dereva mmoja akachungulia kama kuna mgonjwa.

"Yaani nimegombana na ndugu yangu wa tumbo moja," alisema polepole, "kwa ajili ya kitu usichokitaka."

"Hukuniuliza."

"Mimi sikukuuliza?" Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kikarudi kicheko. "Eliakimu, mimi nimelala kitanda kimoja miaka thelathini na nne na mtu asiyeuliza, nikajifunza kukisia. Mara zote nimekisia. Mungu peke yake ndiye anayejua nimekosea mara ngapi."

Eliakimu alimshika mkono, mbele ya wapita njia wote, jambo ambalo wazee wa kanisa hawalifanyi.

"Mwakani tunarudi kwa Nikolao," alisema Regina alipotulia. "Tutaomba radhi. Wala si mimi nitakayesema. Utasema wewe, mbele ya wazee wote, kwa Kimakua."

"Kimakua sikijui."

"Basi uliza."

Eliakimu aliwasha gari, akaiacha njia ya Lulindi kulia kwake, akashika ya Newala. Gari lilipokuwa likipanda kilima kwa gia ya kwanza, aliuliza neno la kwanza la Kimakua, akalitamka vibaya, Regina akamsahihisha, akauliza tena.