Kitambaa Juu ya Modemu

Mie niliishia darasa la saba, na sisemi kwa aibu. Kuanzia Mwenge mpaka Kimara nimepanda mapaa kufunga madishi ya tivii, kisha nikajifundisha mwenyewe intaneti ya setilaiti. Ile zahanati ya Kimara niliifungia kila kitu: dishi juu ya bati, modemu dirishani pale mapokezi, ruta pembeni yake, na waya hadi kwenye kompyuta zote. Siku ya kwanza kadi za bima zilihakikiwa upesi hadi wagonjwa wakapiga makofi. Sidanganyi.

Wiki ya pili mambo yakaharibika. Asubuhi safi, ikifika saa saba mchana mtandao unakata, wagonjwa wa bima wanabaki kwenye benchi. Nilikwenda mara mbili, nikabana upya kila waya, nisione kosa. Daktari mkuu akaita injinia kutoka Mikocheni, mwenye shahada yake na viatu vya kung'aa.

"Nani kafunga hivi?" akauliza, macho kwenye laptopu.

"Mimi."

"Braza, wewe baki na madishi ya tamthilia. Ruta na modemu yako haziongei. Hapa tunang'oa vyote."

Damu ilinichemka! Mtu niliyemzidi miaka ishirini, shikamoo hakunipa, ananing'olea kazi yangu mbele ya watu. Na daktari anaitikia kwa kichwa!

Kazi ya juu ya bati inakufundisha kushika kwanza. Nikaweka kiganja juu ya modemu, nikakitoa mbio. Ilikuwa pasi ile. Dada wa mapokezi alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua, isiingie vumbi, na jua la mchana linaipiga hapohapo dirishani. Kitambaa hicho nilikiona mara zote mbili nisikitilie maanani. Kwangu hata friji imevikwa.

Nikakiondoa, nikaisogeza modemu kivulini. Baada ya muda taa ya kijani ya modemu ikarudi, mtandao ukashika, foleni ikaanza kutembea.

"Ni mipangilio niliyobadilisha mimi," injinia akasema.

"Ahaa! Basi tuivishe tena." Nikairudisha juani, nikaifunika.

"We baba, na sie tunaumwa huku!" mama mmoja akapiga kelele kutoka kwenye benchi.

"Nivumilie, mama, nasafisha jina langu."

Haikufika nusu saa, taa ikawa nyekundu. Nikafunua. Daktari akanitazama, akasema, "Fundi, kazi ni yako."

Injinia alifunga laptopu akaondoka bila hata samahani. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba tatizo lilikuwa "hali ya mazingira". Mazingira! Kiganja changu kilichoungua hakimo.

"Sasa kitambaa changu?" dada wa mapokezi akaniuliza, amenuna. Nikakitandika chini ya modemu. Kipo hapo mpaka leo, na kila nikienda kukagua naishika modemu kwanza, ndipo namsalimia daktari.