Kahawa ya Mgombea

Jana nimepita ile skuli ya Bawshar ambako wazee wetu walikuwa wakipigia kura za Majlis ya Shura, baraza la wawakilishi wa nchi. Siku hizi kura hupigwa kwa simu, mtu kajilaza zake kwenye kochi. Nikamkumbuka bibi yangu, nikacheka peke yangu garini.

Msimu wa uchaguzi nyumba yetu ilinukia iliki tangu asubuhi. Bibi akichoma vitumbua, sie watoto tukipeleka sinia za halwa sebuleni, tukidokoa njiani. Wagombea walikuja na jamaa zao, na desturi ya huku waijua: mgeni mwenye haja hagusi kahawa mpaka akubaliwe haja yake. Huweka kikombe chini, na nyumba nzima huona haya.

Siku hiyo mgombea wa ukoo wetu alikiweka chini. Ami yangu, mkubwa wa nyumba, akawahi, "Kunywa bwana! Kura za nyumba hii zako zote, za wanaume na za wanawake."

Loo! Bibi akatokeza mlangoni, mwiko mkononi. "Yako mpe. Yangu mie sijaiahidi."

"Mama, mgeni hajanywa!"

"Basi na ipoe."

Ikapoa kweli. Mgeni akaondoka hajaonja, ami akanuna, majirani wakasema Bibi katia nyumba aibu. "Aibu gani?" akawajibu. "Mvua ikinyesha wadi, hili bonde kavu hapa, linajaa maji linatukatia njia, nnabaki na mgonjwa ndani. Nnawapikia wote, na hapana aliyeniuliza nnataka nini!" Basi kila mgombea aliyekuja baadaye, Bibi alimwita pale mlangoni akamuuliza lini watajengewa daraja la kuvukia wadi. Wengine walitafuna maneno, masikini.

Siku ya kura ami alimpeleka kwa gari, njia nzima akimtajia jina la mtu wake. Bibi akavuta tasbihi. Alipotoka akaulizwa kampa nani. "Nnayemtaka," akasema, na mpaka anakufa hakumwambia mtu.

Foleni ile ya kina mama wanaonukia udi pale skuli haipo tena, na Bibi hayupo. Naumia, sikufichi. Uchaguzi uliopita kaka yangu aliichukua simu ya mama yetu, ati amsaidie kupiga kura. Nilimnyang'anya. Nikamrudishia mama simu yake, nikawatoa wote chumbani, na mie nikatoka, nikaufunga mlango.