Boma la Nyanya Nora

Juzi hapa Arlington walikuwa wakichimba msingi wa nyumba mtaani petu, mvua imetoka kunyesha. Nilipofungua mlango wa gari, harufu ya udongo mbichi na moshi wa dizeli ikanijia puani, na papo hapo nikawa na miaka tisa tena, huko Ayalandi.

Kabla hatujaja Texas, Mama alikuwa muuguzi katika makao ya wazee huko mashambani. Tulipanga kijumba kwenye shamba la mjane niliyemwita Nyanya Nora. Nyuma ya nyumba, katikati ya malisho, palikuwa na tuta la udongo lililozunguka kama pete, limeota nyasi na miti ya miiba, na handaki kwa nje. Nyanya Nora alituambia watu waliishi humo na ng'ombe wao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mama alilitazama akasema, "Hili ni boma, basi." Majirani waliamini lina majini wadogo. Mama, mtu wa kanisa, aliwacheka; lakini sikumwona hata siku moja akiingia humo peke yake.

Mwaka huo Nyanya Nora alianguka, akavunjika nyonga, akaletwa kwenye makao alikofanya kazi Mama. Ombi lake la kwanza halikuwa dawa. "Niangalizie boma langu. Declan wangu anataka kulisawazisha." Mama akamwambia ataliangalia.

Jumamosi moja asubuhi, tukinywa chai, tulisikia tingatinga likipanda njia. Mama aliweka kikombe chini, akanishika mkono, akaendesha hadi lango la malisho, akaegesha gari likaziba lango lote. Akazima injini, akapiga simu.

Declan, mtoto wa Nora, pande la mtu, alikuja akigonga kioo. "Ondoa gari. Shamba ni letu."

"Shamba ni la mama yako," Mama alisema, kwa sauti aliyowawekea wagonjwa wakaidi. "Na yuko hai. Nimepiga simu makaoni, wamempeleka hospitali kwa mazoezi ya mguu. Tusubiri."

"Wewe ni mpangaji tu!"

"Najua. Nitasubiri."

Tulisubiri kwa muda wa zaidi ya saa tatu. Nilibanwa na mkojo, nikaambiwa nivumilie, nikavumilia kwa kadiri ya uwezo wangu, ambao haukuwa mkubwa. Dereva wa tingatinga alikula mkate wake akasinzia. Hatimaye simu ikalia, na Mama akaitoa dirishani ili kila mtu asikie.

"Declan," sauti ya Nora ilikwaruza, "rudisha hilo lidude ulikolitoa."

Akalirudisha. Boma lipo mpaka leo.

Miezi miwili baadaye tulihama. Mama aliniambia Texas kuna jua, nami nikafurahi. Ni mwaka jana tu, tukisonga ugali jikoni kwake Cedar Hill, aliponieleza kwamba Declan ndiye aliyesimamia nyumba za kupanga, na barua ya kututoa ilifika wiki ileile.

"Ulijua atatufukuza?"

"Nilijua. Lakini kesho yake ningemwogesha yule mama nikimwambia nini?"

Miaka yote hiyo nilijivunia mama asiyejua woga. Sasa nami ni mpangaji mwenye watoto wawili, na naelewa kwamba siku ile, kutoka mezani hadi langoni, aliogopa njia nzima, na akaendesha tu.